Ukuta wa mabati unaoimba mvua ikinyesha: Dodoma tucheze na maji bila kuyamwaga

#1 Fundi wa Majengo (mleta mada)

Wakuu, mbukwenyi.

Niko Dodoma mjini, kazi yangu ni bati. Nakunja gata, naunga mifereji ya paa, na shule zikikaribia kufunguliwa natengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Sanaa sijasomea. Mada hii nimekaa nayo miezi mingi kabla ya kuileta, maana najua humu kuna watu wanaocheka kwanza na kusoma baadaye.

Ilianza Februari. Mvua ilinikuta karakana, na ukutani nilikuwa nimetundika vipande vya gata ovyo ovyo, kimoja kinamwagia kingine, cha mwisho kinadondoshea juu ya debe la mafuta ya kula nililolifudikiza. Mjukuu wa jirani yangu muuza mkaa, ana miaka sita hivi, akatoka chini ya meza, akasimama mbele ya lile debe na kuanza kucheza. Si kurukaruka. Alikuwa anafuata mapigo, mabega yanapanda na kushuka kama mama zetu wakiwa kwenye muheme, ile ngoma ya akina mama wa Kigogo. Mvua ikipungua naye anapunguza. Ilipokata akanigeukia: "Fundi, mbona umeizima?"

Sikuwa na jibu, ila tangu siku hiyo ule ukuta haujapumzika. Una mita nne hivi. Juu nimepitisha gata moja inayopokea maji ya paa, nimeitoboa matundu saba, kila tundu na njia yake. Moja inaingia kwenye faneli, inapita bomba la kona tatu, inatokea juu ya sufuria lililovunjika mpini. Nyingine inateleza kwenye bati la migongo na kuishia kwenye bakuli la chuma; tone likilipiga linasema ting. Debe la lita 20 linasema dum, na likishashika maji kidogo linageuza kauli, linasema chubwi. Nilijaribu pia kufunga vyuma vya ilimba, ile marimba ya Kigogo ya kupiga kwa vidole gumba, chini ya matone, nikidhani nitapata marimba inayojipiga yenyewe. Imegoma. Tone halina nguvu ya kukitikisa chuma kile, kinalowa tu na kunyamaza. Bati nalo lina tabia zake: geji 30 (jembamba) inapiga kelele, geji 28 (nene kidogo) ina sauti iliyotulia. Hilo nimelijua kwa hasara ya mfuko wangu.

Kijana wangu aliponionyesha kwenye simu kwamba Wajerumani walishafanya hivi, nusu nifurahi nusu ninune. Kule Dresden, mtaa wa Neustadt, kuna ua unaitwa Kunsthofpassage, na ndani yake jengo la buluu lililojaa mifereji na faneli zilizopinda kama tarumbeta kuanzia paani hadi chini. Wasanii wake waliishi humo humo. Watalii wanakwenda pale wakiomba inyeshe!

Hoja yangu fupi. Mji wetu una mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata milimita 570 hivi. Kuweka hapa chemchemi ya umeme inayorusha maji mwaka mzima ni kujikweza. Lakini kitu kinacholala kiangazi chote, watu wanakipita na kukisahau, halafu kifuku kikiingia kinaamka, hicho ni cha kwetu kabisa. Kuta za masoko, vituo vya daladala, Nyerere Square, Chinangali, kote kuna mapaa na sakafu zinazopokea mvua ya bure. Nyie mngeweka nini?

#2 Nkuhungu Kavu

Mkuu, kwa heshima zote. Mtaani kwetu maji yanatoka kwa zamu. Mke wangu anaamka saa nane usiku kukinga, na juzi bomba limetema hewa nusu saa nzima kabla ya kutoa ndoo mbili za maji ya kutu. Ndoo ya mkokoteni unaijua bei yake. Halafu wewe unatuletea habari za kucheza na maji. Tuwe na aibu kidogo.

#3 Msomaji Mkimya

Nimevuta kiti cha plastiki, nimekaa pale kwenye kivuli cha mbuyu. Ngoja waje.

#4 Mama Wawili

Kaka wa Nkuhungu, wewe umesoma nusu ya kichwa cha habari. Kasema bila kuyamwaga.

Ila hata hizo za kumwaga zina somo. Chicago, kwenye Millennium Park, tangu 2004 ipo Crown Fountain ya msanii Mhispania Jaume Plensa. Ni minara miwili ya matofali ya kioo, kila mmoja una mita 15, inatazamana. Juu yake zinapita, kwa video, nyuso za wakazi wa mji ule, wapatao 1,000. Uso unakutazama weee, unapepesa macho, unabinua midomo, mara maji hayo yanaruka kutoka mdomoni na watoto wanasukumana kwenda kuogea chini yake. Mimi kilichonigusa ni kwamba zile si sura za marais. Ni muuza duka, ni bibi, ni kijana wa mtaani. Watu wa kwao.

#5 Nkuhungu Kavu

Hapa wakiweka sura yangu itatema hewa, kama bomba langu.

#6 Mwanafunzi wa Maji

Shikamooni wakubwa, naomba niingie hapo kwenye bomba.

Maji mengi ya mji huu kwa miaka mingi yametoka visima vya Makutupora, kule Mzakwe. Mwaka 2013 ulitoka utafiti uliochambua kumbukumbu za miaka 55 za kimo cha maji ya visima vile. Matokeo yake yalinikosesha usingizi: havijazwi kila mwaka. Mvua za kawaida zinaishia juu juu, jua na mizizi vinagawana. Kinachoshusha maji hadi kule chini ni misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, na ulioongoza ni ule wa El Nino ya 1997/98. Kwa hiyo mtu akiweka chemchemi ya mapambo mjini akailisha maji ya kisima, anarusha hewani akiba iliyowekwa wakati wengine humu tulikuwa hatujazaliwa.

Maji ya paa hesabu yake ni nyingine. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 kwa hizo milimita 570 za Fundi ni lita 34,200 kwa mwaka, hata ukitoa kinachopotea bado unabaki na ya maana. Sasa hivi mengi ya maji hayo yanakwenda kuchimba korongo nyuma ya nyumba. Fundi, ukuta wako uishie kwenye simtanki. Maji yapite kwenye muziki kwanza, kisha yaende kufua.

#7 Mtani wa Iringa

Wagogo watani zangu, yaani ninyi hata mvua ikija mnailazimisha kwanza iwapigie ngoma ndipo mnywe.

Mimi napendekeza ya kikorofi. Karibu na Salzburg, Austria, kuna jumba la Hellbrunn, la miaka ya 1610 na kitu. Askofu mkuu mmoja, Markus Sittikus, alijenga bustani ya maji ya kuwachezea wageni shere. Kuna meza ya jiwe na viti vya jiwe. Wageni wanakaa, wanakaribishwa, mara maji yanachomoka katikati ya viti, watu wanalowa makalio. Kiti kimoja tu hakina tundu, cha mwenyeji. Mpaka leo vipo na vinafanya kazi. Jengeni kimoja pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali.

#8 Fundi wa Majengo

Hahaha, Mhehe huyu atatuponza. Kiti kisicho na tundu watakigombania.

Mwanafunzi, la simtanki nimelichukua. Ila lazima maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, paa la Dodoma mwezi wa kumi na moja limebeba vumbi la miezi saba na uchafu wa kunguru. Nitaweka bomba la pembeni lenye kifuniko, yale machafu yaingie humo kwanza.

#9 Mpenda Safari

Mmemsahau mkubwa wao. Rain Room ya kundi la Random International, ilianza London 2012, ikaenda New York mwaka uliofuata, na tangu 2018 ipo moja ya kudumu Sharjah. Ni chumba cha giza, mvua kubwa inashuka kutoka darini. Ukitembea ndani yake kamera zinajua ulipo, na pale ulipo mvua inakata. Unazungukwa na mvua pande zote na hulowi. Maji yanazungushwa na kutumika tena. Sharjah penyewe ni jangwani, kwa hiyo ukame si kisingizio.

#10 Nkuhungu Kavu

Nilipe kiingilio ili nisilowe? Si ninunue mwavuli.

#11 Mama Wawili

Hapo nipo na Nkuhungu. Mtoto wa Dodoma anakaa miezi saba anakula vumbi, mvua ikinyesha anachotaka ni KULOWA. Chumba cha kuzuia mvua kitawafaa watu wa London.

Fundi, swali la mama mwenye nyumba: mbu? Debe lenye maji yaliyotuama wiki moja ni hospitali ya wodi nzima. Na usiku mnalalaje na hayo mabati?

#12 Fundi wa Majengo

Dada, yote mawili yamenikuta. Mwezi wa tatu nilikuta viluwiluwi vya mbu kwenye sufuria, vinacheza muziki wangu. Sasa kila chombo kina tundu chini, dogo kama kipenyo cha penseli. Mvua ikiwa kubwa maji yanaingia kwa kasi kuliko yanavyotoka, kwa hiyo chubwi inapatikana. Ikikata, ndani ya dakika chache pakavu.

Usiku, jirani mmoja alikuja saa tisa na kanga kichwani, sitaki hata kukumbuka alichosema. Nimeweka kibati cha kugeuza njia kwenye gata kuu. Saa tatu usiku nakisukuma, maji yote yanashuka kimya kimya upande wa pili. Asubuhi nakirudisha, au anakirudisha yule mtoto, akiwahi.

#13 Mwalimu wa Kizota

Nimesoma kuanzia juu. Mimi nina wazo lisilohitaji bati wala bomba.

Boston, Marekani, mwaka 2016 walianza kuandika mashairi kwenye njia za waenda kwa miguu kwa dawa isiyopitisha maji. Jua likiwaka huoni kitu, ni sakafu tu. Ikinyesha, saruji inalowa na kuwa nyeusi, ila palipopakwa panabaki pakavu na peupe, shairi linatokea chini ya miguu yako. Mvua ikikauka nalo linapotea.

Sisi tuna kitu kinachofaa kuliko shairi. Kitendawili! Swali unaliandika kwa rangi, lipo mwaka mzima, watu wanalipita wanaumiza kichwa. Jibu unaliandika kwa ile dawa. Ukitaka kulijua ngoja mvua. Na dawa si lazima iagizwe, nadhani mshumaa unatosha, ukisugua sana kwenye saruji. Kesho naujaribu uani kwangu kwa ndoo ya maji (ya kisima cha jirani, Nkuhungu usinipige).

#14 Msomaji Mkimya

Leo nimesimama kwenye kiti. Mwalimu, ila usitege "nyumba yangu haina mlango". Nani atangoja mpaka Desemba aambiwe yai?

#15 Mwalimu wa Kizota

Kweli kabisa, inabidi tutunge vipya. Changu hiki: Akija tunamkimbia, asipokuja tunamlilia.

#16 Mtani wa Iringa

Tumeshindwa, tupe jibu.

#17 Mwalimu wa Kizota

Nipeni mji.

#18 Mtani wa Iringa

Chukua Dodoma, Iringa sitoi.

#19 Binti wa Kolo

Nimechelewa, nilikuwa shamba. Mimi ni wa Kondoa, na nina jambo ambalo halijasemwa.

Kwetu Kolo kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watalii wanapelekwa kuangalia twiga na watu wembamba wa rangi nyekundu. Lakini pale Mongomi, penye baadhi ya michoro hiyo, wenyeji hawajaenda kutalii tu, wazee wameendelea kwenda kuomba mvua. Kwa hiyo mnapozungumza sanaa ya mvua ya mahali pa wazi kama kitu tunachokijifunza Chicago, mimi ninatabasamu. Tunayo ya miaka mingi sana, na haikuwa mchezo. Vilevile kwa Wagogo, mtemi na mawe yake ya mvua si mapambo. Chezeni na debe, chezeni na mshumaa, chezeni na gata. Ila akija mbunifu akataka kuchonga mawe ya mvua ya saruji watoto wayapande, mwambieni aende kwanza kukaa na wazee, na akae kweli, si kupiga picha na kuondoka.

#20 Fundi wa Majengo

Dada, hili nimelisoma mara mbili. Sina cha kuongeza zaidi ya asante. Babu yangu hakuwa anaruhusu hata kupiga mluzi mawingu yakishajikusanya, na mimi nimejaza ukuta masufuria. Nadhani angecheka, lakini sina hakika.

#21 Nkuhungu Kavu

Mimi bado sijakubali ila nasoma. Naomba tu msije mkaleta vile vibembea vya kupampu maji. Vilipelekwa nchi za kusini mwa Afrika kwa kishindo: watoto wanazungusha pembea, pembea inavuta maji ya kisima yanapanda tangini. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza likapiga hesabu, kwamba kutimiza idadi ya watu walioahidiwa maji, watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Saa ishirini na saba! Watoto wakichoka, mama zao ndio wakabaki wanazungusha pembea. Mchezo ukishapewa kazi ya kulisha kijiji si mchezo tena.

#22 Mwanafunzi wa Maji

Nkuhungu, kumbe wewe ni wetu.

#23 Mzee wa Kikuyu

Vijana, hamjambo. Nimesomewa uzi huu na binti yangu, naye ndiye anayeandika.

Mmetaja Ujerumani, Marekani, Uarabuni. Jina la mji wenu lenyewe ni habari ya maji na hamjaligusa. Tunasimuliwa kwamba tembo alikuja kunywa kwenye kijito cha Kikuyu, penye mikuyu, tope likamshika. Kadiri alivyojinasua ndivyo alivyozidi kuzama. Watu wakasema idodomya, amedidimia. Wageni wakashindwa kulitamka wakaishia Dodoma.

Sasa mimi ningetaka tembo huyo. Asiwe juu ya nguzo kama askari wa sanamu, awe chini, kwenye bonde linalokusanya maji ya mvua. Kiangazi anaonekana mzima, miguu minne, watoto wanamparamia. Kifuku kikianza maji yanapanda: magoti, tumbo, mpaka yabaki masikio na mkonga. Kila mtu akipita na daladala atasema leo tembo yuko tumboni, juzi alikuwa magotini. Mtajua mvua ya mwaka bila kuuliza redio.

#24 Mama Wawili

Shikamoo Mzee. Nimeliona kabisa. Na nimemwona mwanangu akimfuata tembo majini.

#25 Mwanafunzi wa Maji

Tembo awe mfupi basi. Kama mgongo uko usawa wa goti la mtu mzima, anazama wote kwenye maji ya kina kidogo, na ukingo wa bonde uwe wa mteremko mlaini, si ukuta. Ndama wa tembo. Ila hata maji ya goti si ya kumwachia mtoto mdogo peke yake.

#26 Mzee wa Kikuyu

Marahaba mama. Ndama sawa. Hata aliyezama hatukuambiwa umri.

#27 Mwalimu wa Kizota

Ripoti ya mshumaa. Siku ya kwanza nilipaka kidogo, nikamwaga maji, hakikuonekana kitu. Siku ya pili nimeipasha saruji joto kwa jua la saa saba, nikasugua mshumaa mzima mpaka vidole vikauma, halafu nikafuta mabaki kwa kitambaa. Nikamwagia: herufi zimetokea, nyeupe, safi kabisa. Zimedumu wiki mbili penye nyayo chache. Shuleni nimeomba ruhusa, nimeandika swali kwa rangi nyekundu mbele ya darasa, na jibu chini yake kwa herufi kubwa. Wanafunzi wameshatoa majibu kumi na tisa. Mmoja amesema ni mkopo.

#28 Fundi wa Majengo

Mkopo! Mpe alama huyo.

#29 Mwalimu wa Kizota

Wakuu, IMENYESHA. Kizota, saa tano asubuhi, katikati ya kipindi cha hesabu.

Nikawatoa wote barazani. Matone yale makubwa ya kwanza, harufu ya udongo, kila mtu kimya anatazama sakafu inavyogeuka nyeusi. Jibu likaanza kutokea. Sasa, nilikuwa sijafikiria kwamba upande wa kushoto ndiko linakopita toroli la mchanga la mafundi wa choo. Wiki tatu linapita pale pale. M yote imekwanguka.

Kwenye sakafu ikatokea, kubwa na nyeupe: VUA.

Wakatii. Sekunde mbili tu, mashati hewani, darasa zima uwanjani. Mwalimu mkuu ametokea mlangoni, ametazama watoto, ametazama sakafu, ametazama mimi. Nina rundo la mashati yaliyolowa juu ya dawati na hakuna anayejua lake.

#30 Msomaji Mkimya

Nimeanguka na kiti.

#31 Binti wa Kolo

Mwalimu, usiirudishe hiyo M.

#32 Fundi wa Majengo

Huku Majengo imefika saa kumi jioni, dakika ishirini hivi. Bomba la uchafu limefanya kazi, yaliyotoka humo ni kama uji wa ulezi. Matundu sita yameimba. Debe la tatu halikulia. Yule mtoto ndiye aliyegundua, alisimama mbele yake akangoja, akaniambia "huyu amelala". Nimechungulia kwa tochi: nyigu amejenga kiota cha udongo ndani ya faneli kiangazi hiki. Kesho napanda na kijiti.

#33 Nkuhungu Kavu

Kwetu bado kavu, wingu limetupita hivi hivi. Fundi, ukishuka kwenye ngazi niambie bei ya gata ya mita sita, na kuifunga. Na debe moja, lile linalosema chubwi.